Mfumo mkubwa wa mvua za tropiki

Mfumo mkubwa wa mvua za tropiki ni mkusanyiko wa mawingu ya ngurumo yaliyoungana, ambao eneo lake la mvua huenea kiasi cha kilomita 100 au zaidi kwa upande mmoja, nao ndio uletao zaidi ya nusu ya mvua ya tropiki.

Asili yake ni hewa ya joto yenye unyevu mwingi, ambayo, ikiisha kupaa, hupoa, na mvuke wake huwa matone, ukitoa hararati izidiyo kuisukuma hewa hiyo juu. Hewa baridi ishukayo pamoja na mvua hutandaa chini na kuinua hewa nyingine ya joto, hata mawingu mapya yakazaliwa kando ya yale ya awali. Na hayo ya awali, nguvu zikiisha, huacha utando mpana wa wingu utoao mvua ya utulivu kwa saa nyingi.

Kwa kuwa vipimamvua ni haba baharini na misituni, elimu ya mifumo hii hutegemea sana setilaiti. TRMM, chombo cha Marekani na Japani kilichorushwa Novemba 1997 kikadumu hadi 2015, ndicho cha kwanza kuchukua angani rada ya kupimia mvua. GPM, iliyorushwa 2014, ilirithi kazi hiyo. Vipimo hivyo vimedhihirisha kwamba mawingu marefu kupita yote hutokea aghalabu juu ya nchi kavu, kama vile bonde la Kongo, wala si lazima ndiyo yaletayo mvua kali kuliko zote.