Usugu si wa mgonjwa

Wodini husikika mara nyingi: "Mgonjwa huyu ana usugu wa dawa." Kauli hiyo humbebesha mgonjwa kosa lisilo lake. Sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa, kama ya kiganja cha mkulima. Kutoka hapo neno likamfikia mhalifu sugu, na sasa bakteria. Na hapa anayekuwa sugu ni bakteria, si mwili.

Maabara huonyesha hilo waziwazi. Mkojo wa mwenye maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) huoteshwa, kisha bakteria waliopatikana hupakwa kwenye sahani na juu yao hupangwa vikaratasi vya duara vyenye dawa mbalimbali. Dawa inayoua huzungukwa na eneo tupu. Isiyofaa, bakteria huota hadi ukingoni mwa karatasi. Mara nyingi bakteria hao ni E. coli, mkazi wa kawaida wa utumbo. Aina zake sugu hutoa vimeng'enya vinavyovunja dawa za jamii ya penisilini, tena hupeana jeni za usugu.

Hospitalini, mlango mkubwa wa bakteria hao ni mpira wa mkojo. Kadiri unavyokaa mwilini, bakteria hujijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida.

Kwa tatizo hili Tanzania hutumia jina "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", UVIDA. Ni jina refu, lakini linamtaja mhusika. Na mhusika huyo si wa kupuuzwa: mwaka 2019 bakteria sugu walikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Ukiambiwa una UTI inayorudi kila mara, omba mkojo wako uoteshwe kabla ya kuandikiwa dawa nyingine.