Hongo

Leo ukisema hongo, watu wanasikia rushwa. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ilipo Tabora, iliwalipa hongo watemi wa Ugogo: vitambaa, shanga, waya. Ilikuwa ada ya njia, ikijadiliwa hadharani, pengine kwa siku kadhaa. Wapagazi walisubiri.

Maana hiyo ya kale ndiyo inayokosekana katika fizikia yetu. Ndani ya nukta ya kwanta, kipunje cha semikonda kinachopimwa kwa nanomita, elektroni zilizomo huisukuma nje ile inayotaka kuingia. Penye baridi kali joto haliisaidii. Isipolipa nishati ya kutosha, husimama mlangoni. Ikilipa, hupita, kisha nyingine, moja moja. Walimu wa fizikia, iiteni hongo ya nishati.