Samaki Sanduku: Sumu ni Yake, Maafa ni ya Tangi

Hebu tafuta picha ya samaki sanduku akiwa mdogo. Wa manjano kama embe bivu, madoa meusi kama dadu ya ludo, kamdomo kamebana ni kama anataka kupiga busu. Najua utasema, "Manze, nataka mmoja kwa sebule." Ngoja kwanza nikupe historia. Chuo niliacha, kusoma sikuacha.

Jina lake la kisayansi, Ostracion cubicus, alipewa na Linnaeus wa Sweden mwaka wa 1758, kwa sababu umbo lake ni mchemraba. Vibamba vya mfupa vimeungana mwili mzima, kwa hivyo hawezi kujikunja wala kutoroka mbio. Kinga yake iko kwa ngozi: akishtuka, anatoa ute wenye sumu. Baharini mpango huo uko poa. Adui anaonja, anatema, mawimbi yanasafisha mengine.

Shida ilianza binadamu alipotaka bahari ikae nyumbani. Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chake, The Aquarium, na Waingereza wakachizi. Wenye pesa walimiminika ufuoni na ndoo na mitungi, kila mtu akitafuta kiumbe cha kuweka kwenye kioo. Mwaka wa 1907 mwanawe, Edmund Gosse, aliandika kwa uchungu kwamba vidimbwi vya miambani alivyovijua utotoni vilikuwa vimeharibiwa na wakusanyaji. Vitabu vya baba yake ndivyo vilikuwa vimewaonyesha njia. Ona hapo: watu walipenda kitu mpaka wakakimaliza.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndege na mifuko ya plastiki zikarahisisha mambo. Sasa samaki wa matumbawe, hadi wale wa bahari za mbali, waliweza kufika sebuleni wakiwa hai.

Wakati huohuo Hawaii, wanasayansi walikuwa wanamchunguza binamu ya samaki wetu. Mwaka wa 1964 David Thomson alieleza sumu yake katika jarida la Science. Mwaka wa 1967 Boylan na Scheuer wakaonyesha kemikali yenyewe, wakaiita pahutoksini, kutoka kwa pahu, jina la samaki huyo kwa Kihawaii. Inafanya kazi kama sabuni: inashambulia matamvua, pale samaki anapopumulia.

Sasa piga picha hiyo sabuni ndani ya tangi la lita 200. Hakuna mawimbi. Maji ni yale yale, yanazunguka tu. Samaki jirani akimsumbua, au akifa bila wewe kujua, tangi zima linaweza kufa, na yeye mwenyewe pia. Na hata bila sumu, kumlea ni kibarua. Anakula polepole, wenzake wanamnyang'anya chakula, magonjwa yanamshika haraka. Halafu huyo wa saizi ya dadu anaweza kufika sentimita 45!

Hii si stori ya wazungu pekee. Samaki sanduku yuko Pwani yetu, na Kenya huuza nje samaki hai wa mapambo wanaokamatwa na wapiga mbizi. Silaumu vijana wa Pwani; hiyo ni ugali wa familia, na kuna samaki wengine wanaovumilia tangi vizuri. Lakini bahari yetu pia ina sehemu ambazo hakuna ruhusa ya kuvua: mbuga za baharini za Malindi na Watamu zipo tangu 1968. Huko unavaa miwani ya kupigia mbizi, unaingia, unamwona akizunguka matumbawe bila kuogopa mtu.

Kwa maoni yangu, huyu aachwe huko. Kiumbe ambaye hofu yake inaua nyumba nzima hakuumbiwa kioo cha sebule.

Wadau wa Pwani, kwenu mnamwitaje? Niandikieni hapo chini.