Kalkon: ndege wa Mexico mwenye jina la bandari ya India

Katika maduka ya nyama ya Stockholm, mji mkuu wa Sweden, bata mzinga huuzwa kwa jina la "kalkon". Neno hilo halina asili ya Kiswidi. Liliingia kupitia Kijerumani cha kaskazini na Kiholanzi, na chimbuko lake ni Calicut, bandari ya pwani ya Malabar nchini India ambayo leo huitwa Kozhikode.

Calicut si jina geni katika historia ya Afrika Mashariki. Mwezi Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, akapewa rubani na mfalme wa mji huo, na mwezi Mei akawasili karibu na Calicut.

Hata hivyo, bata mzinga hakutoka India. Wenyeji wa Mexico ndio waliomfuga, na Wahispania wakamleta Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16, wakati bara la Amerika nalo lilipokuwa likiitwa India. Hapo majina yakavurugika. Waingereza walimwita kwa jina la Uturuki, Waturuki wenyewe humwita "hindi", Wafaransa husema "dinde", yaani wa India, Wareno "peru", nao Wamisri humwita jogoo wa Rumi.

Wataalamu pia hawakusalimika. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, alichapisha mjini Stockholm toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae, na humo ndege huyo akaitwa Meleagris gallopavo. Meleagris lilikuwa jina la kanga kwa Wagiriki wa kale, na kanga ni ndege wa Afrika.

Kiswahili nacho kimemweka katika ukoo wa bata, ingawa kwa maumbile yuko karibu zaidi na kuku. Bata Bukini naye ana jina la safari, kwani Bukini ni jina la zamani la Madagascar.

Majina hayo huhifadhi kumbukumbu ya njia za biashara kuliko ya wafugaji. Waliomfuga bata mzinga tangu awali walimwita "huexolotl" kwa lugha ya Kinahuatl. Meli zilimchukua ndege, zikaliacha jina. Mpaka leo linasikika Mexico kwa umbo la "guajolote".