NANI ALIHESABU MIFUKO? Historia fupi ya manunuzi ya umma, kwa kijana aliyeniuliza



Ndugu yangu, wiki iliyopita baada ya swala ya Isha kijana mmoja alibaki msikitini mpaka watu wote wakatoka. Ni mtoto wetu wa hapa Nyamuswa, amekuja likizo. Kazini kwake ni afisa manunuzi kwenye taasisi ndogo ya serikali, mkoa mwingine kabisa. Akaniuliza: "Sheikh, hivi mshahara wangu ni halali?"

Nikamwambia aeleze. Akasema mwaka mmoja, kabla manunuzi yao hayajaingia kwenye mtandao, ilikuwa mwezi wa Juni, zimebaki siku chache mwaka wa fedha ufungwe. Mkubwa wake alimwita, akamwambia fedha ya viti ikirudi Hazina watu watalaumiwa, kwa hiyo atengeneze makaratasi. Utaratibu ulitaka nukuu za bei kutoka kwa wauzaji watatu. Zikaja zote tatu. "Sheikh, zilikuja kwenye bahasha moja." Akazipanga, akaandika kwamba wa pili ndiye mwenye bei nafuu, viti vikanunuliwa. Baadaye muuzaji akamtumia kwenye simu fedha kidogo "ya mafuta", na kijana hana hata pikipiki.

Nikamwambia, mwanangu, nipe siku chache nitakujibu kwa kuandika, kwa sababu swali hili si lako peke yako. Na mimi mwenyewe nina deni kwenye jambo hili. Nitalitaja mbele, usiniharakishe.

Kwanza tujue kazi hii ilitoka wapi. Wengi tunadhani manunuzi ya serikali ni makaratasi ya juzi. Hapana. Wakati wa Waingereza, serikali ya Tanganyika ilipotaka kitu kikubwa kutoka ng'ambo, iwe reli, mitambo au stempu za barua, haikwenda sokoni yenyewe. Kulikuwa na ofisi London iitwayo Crown Agents, iliyoanzishwa mwaka 1833, ikinunua kwa niaba ya makoloni. Afisa wa huku anaandika mahitaji, barua inapanda meli, wa kule ananunua kwao kwa bei yao, mzigo unashuka Dar es Salaam au Tanga. Anayenunua hamjui atakayetumia, na atakayetumia hana wa kumuuliza.

Ukitaka kuona madhara ya umbali huo, nenda Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nia ilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 ili Uingereza ipate mafuta ya kula baada ya vita. Mashine mpya zilikuwa adimu, wakanunua matrekta na mabuldoza yaliyokwisha kutumika, mengine mabaki ya vita kutoka Ufilipino. Yakafika yamechoka, vipuri hakuna. Wakachukua hata vifaru vya vita aina ya Sherman wakavigeuza matrekta. Hebu fikiri, kifaru kinang'oa visiki vya Ugogo! Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi unakauka kama tofali, majembe yakakatika. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Zaidi ya pauni milioni 35 zilipotea, na ekari zilizosafishwa hazikufika hata sehemu ya kumi ya lengo. Sijasema wote walikuwa wezi, maana wengi walikuwa watu wa kazi kweli. Lakini walionunua hawakuwa wameshika udongo wa mahali vitu vilikokuwa vinakwenda.

Baada ya Uhuru manunuzi makubwa yakasimamiwa na Bodi Kuu ya Zabuni, Dar es Salaam. Angalau sasa aliyenunua alikuwa Mtanzania. Na jirani yetu wa Butiama hakuwa na mzaha na rushwa. Sheria ya adhabu za chini ya mwaka 1963 iliiingiza rushwa kwenye makosa ya viboko: 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Wazee wetu wanalisimulia hilo kuliko sheria nyingine yoyote.

Hata hivyo viboko havikumaliza jambo, kwa sababu miaka ya 1970 na 1980 ilikuja shida nyingine. Wenye umri wangu mnakumbuka foleni. Sabuni, sukari, khanga, betri, vyote kwa kibali. Mimi nilitumwa na mama kupanga foleni tangu alfajiri, na nikirudi mikono mitupu nilikuta jirani tayari ana sukari, maana shemeji yake alikuwa na muhuri. Bidhaa zikiwa chache, mwenye kalamu anakuwa tajiri bila kulima. Mwaka 1983 Marehemu Sokoine akawasaka waliokuwa wakiitwa wahujumu uchumi. Vita ile ilikuwa na mambo yake, mengine mazito, leo siyaingii.

Mwaka 1996 Rais Mkapa aliunda tume ya kuchunguza rushwa, na mwenyekiti wake alikuwa mtu wa Bunda hapa hapa, Jaji Joseph Warioba. Tume ile iliwagawa wala rushwa mafungu mawili: wanaochukua kidogo kwa sababu kipato hakitoshi, na wakubwa wanaochukua kwa tamaa. Zabuni na mikataba ya serikali ikatajwa kuwa moja ya milango mipana ya fungu la pili. Ninapowasikia vijana wakisema wazee hawakuona, huwaambia waliona, na waliandika.

Kutoka hapo sheria zikafuatana. Ikaja Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2001, kisha ya 2004 iliyoiondoa Bodi Kuu ya Zabuni, ikazipa taasisi zenyewe mamlaka ya kununua na kuunda mamlaka ya kuzidhibiti, PPRA. Mwaka 2007 ikaundwa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, ile inayomtaka kijana wetu awe amesajiliwa. Ikaja sheria ya 2011, na sasa tuna Sheria Na. 10 ya 2023, pamoja na mfumo wa NeST ambapo zabuni inatangazwa na kuombwa kwenye mtandao.

Naomba utulie hapa, ndugu yangu, maana hapa ndipo penye kiini. Tangu 2004 sheria ilifanya jambo la busara sana. Iligawa mikono. Idara inayohitaji kitu inasema inataka nini. Kitengo cha ununuzi kinaandaa. Kamati ya tathmini inapima waliojitokeza. Bodi ya zabuni inaidhinisha. Afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi, ndiye anayebeba dhamana ya yote na kusaini mkataba. Mwenye kupima asiwe ndiye mwenye kuidhinisha. Na ukiona jambo si sawa, nafasi yako inakulinda useme hapana.

Wizarani hilo linawezekana. Sasa hesabu watu wa taasisi ndogo. Mkuu ni mmoja. Bodi ya zabuni ni wakuu wa idara aliowateua yeye. Mkuu wa idara inayotaka viti ndiye huyo huyo amekaa kwenye bodi. Kamati ya tathmini ni watu watatu wanaokunywa chai meza moja na wote hao. Na kitengo cha ununuzi ni kijana mmoja, kompyuta moja na kabati la mafaili. Mikono mitano kwenye karatasi, lakini ukiifuata mpaka begani unakuta ni watu wale wale. Akisema hapana leo, kesho anaomba ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali kwa mtu yule yule aliyemwambia hapana.

Kwa hiyo mimi siwacheki hawa vijana. Kila mwaka ripoti ya CAG ikisomwa bungeni tunasikia yale yale: kimenunuliwa bila idhini ya bodi, kimepokelewa bila kukaguliwa, manunuzi yamekatwa vipande ili yakwepe zabuni. Tunapiga meza na kulaani. Lakini karatasi nyingi kati ya hizo ziliandikwa na mtu wa mshahara mdogo aliyeambiwa jioni, "kesho asubuhi nizikute mezani."

Wakubwa nao wapo. Mnaikumbuka rada. Serikali yetu ilinunua kwa kampuni ya BAE ya Uingereza rada ya pauni milioni 28. Hata ndani ya serikali ya Uingereza waziri wao Clare Short alipinga, akiona ni mzigo usiohitajika kwa nchi maskini, na bado kibali kikatoka mwishoni mwa 2001. Mwaka 2010 kampuni ile ilikiri mahakamani London kwamba haikutunza sawasawa kumbukumbu za hesabu za biashara hiyo, na mwaka 2012 Tanzania ikalipwa pauni milioni 29.5. Watu wakaziita chenji ya rada. Zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Mtoto wa darasa la pili akakalia dawati lililotokana na karatasi zilizoandikwa vibaya kabla hajazaliwa.

Katika dini yetu jambo hili lina asili ya zamani kuliko London. Abu Humayd As-Sa'idi amesimulia, na imo katika Bukhari na Muslim, habari ya mtu wa Azd, Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mizigo mafungu mawili, hii yenu, hii nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari, akahoji kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake zawadi hizo zingemfuata. Angalia vizuri: bwana yule hakuficha kitu. Alisema wazi kabisa, pengine kwa moyo safi. Ndiyo maana kisa chake kinamfaa anayetumiwa "ya mafuta". Na Sayyidna Umar alikuwa akiandika mali ya magavana wake anapowateua ili ajue imezidi kwa kiasi gani. Fomu za mali za viongozi wetu wa leo si jambo geni kama tunavyodhani.

Sasa deni langu.

Mwishoni mwa 2021 zilikuja fedha za UVIKO-19, zile za kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, shilingi milioni 20 kila darasa, watoto waingie Januari. Zilijengwa kwa fosi akaunti: hakuna kandarasi mkubwa, shule inanunua vifaa yenyewe na kuweka fundi, wananchi wanaunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kwenye shule moja huku kwetu waliniweka kamati ya mapokezi. Walisema, tumuweke imamu, huyo haibi.

Kweli sikuiba. Siku moja lori la saruji lilifika jua linazama. Karatasi inasema mifuko 200. Dereva ana haraka, mimi nina Maghrib, watu wananisubiri. Wenzangu wawili wakanitazama mimi, kwa kuwa ndiye shehe. Nikasaini, nao wakasaini chini yangu. Asubuhi fundi akahesabu, akakuta 186. Tukampigia muuzaji, akajibu kwa upole kabisa kwamba ana saini yangu.

Mifuko 14. Nilipaswa kuita kikao, niseme nimekosea, nilipe. Sikuita. Niliona aibu, na muda ulikuwa unatubana, mkaguzi wa wilaya anakuja kila baada ya siku mbili. Fundi akasema atajua la kufanya. Alijua kweli: alipunguza saruji kwenye sakafu ya darasa la mwisho. Darasa likapokelewa, likapigwa picha, tukashukuriwa. Leo sakafu ile inabanduka. Watoto wanafagia vumbi kila asubuhi na vumbi haliishi. Nimepita pale mara nyingi nikienda kufundisha kipindi cha dini, na sijawahi kumwambia mtu mpaka ninapoandika hapa.

Umbali ule wa London na Kongwa haukuwepo. Shule ninaiona nikiwa uani kwangu. Waliosaini ni majirani, watoto ni wetu. Sheria ililetwa karibu kabisa, mpaka mkononi mwangu, na mkono ukasaini bila kuhesabu.

Basi kijana wangu, jibu langu ni hili. Mshahara wako ni wa kazi yako, ule. Ile ya simu si mshahara, hata kama ni ndogo, irudishe ilikotoka. Zile nukuu za bahasha moja, ikija nyingine andika kwenye faili kwa mkono wako kwamba zimekuja bahasha moja, tia tarehe, usaini. Usigombane na mkubwa wako, andika tu. Mkaguzi akifungua faili akute maneno yako. Najua NeST sasa inasaidia kwa upande wa bahasha, lakini mtu mmoja anaweza kuwa na makampuni matatu, na hakuna mtandao unaoshuka kwenye lori kuhesabu mifuko.

Na kama watakuhamisha kwa sababu hiyo, njoo tuzungumze, nina mengi ya kukuambia kuhusu kuhamishwa.

Mimi juzi nimenunua mifuko 14, nikaipeleka shuleni kwa bodaboda tatu. Nikamweleza mwalimu mkuu kila kitu. Si yule wa wakati ule, huyu ni mgeni. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia hawezi kupokea kitu bila kamati, nirudi Alhamisi saa nne wenzake wakiwepo. Mifuko iko stoo kwake, haijaingia kwenye leja. Kijana, likizo yako inaisha Jumapili. Alhamisi kama una nafasi, twende wote, nahitaji mtu anayejua kuhesabu.

Wabillahi tawfiq.