Upondo wa Yang na Pishi Iliyobadilishwa

Usiku wa tarehe 6 Septemba 1960, mjini Roma, Yang Chuan-kwang wa Taiwan alimaliza dekathloni ya Olimpiki akiwa amemshinda Rafer Johnson wa Marekani katika michezo saba kati ya kumi, kisha akavishwa medali ya fedha. Dhahabu ilikwenda kwa Johnson, aliyemshinda mwenzake katika mitatu tu: kutupa tufe, kurusha kisahani na kurusha mkuki. Anayekutana na hesabu hii kwa mara ya kwanza hudhani Yang alidhulumiwa. Hakudhulumiwa. Ila habari zake, tangu Roma hadi Tokyo miaka minne baadaye, zinafunua jambo ambalo wasimulizi wa riadha hulipita mbio: mwanamichezo wa dekathloni hupimwa na jedwali la pointi kabla ya kupimwa na mpinzani wake, na jedwali hilo limetungwa na watu, katika wakati wao, kwa ujuzi waliokuwa nao wakati huo.

Katika mbio za kawaida aliyetangulia ndiye mshindi, hata akiwa amempita mwenziwe kwa unywele. Dekathloni haijali nafasi. Kila muda na kila umbali hupelekwa kwenye jedwali ukageuzwa pointi, na pointi za siku mbili zikajumlishwa. Kwa hiyo Yang alikuwa akiokota kidogo kidogo kwenye mbio na miruko, Johnson akija kuzoa kwa mkupuo mmoja. Tufe la Johnson lilifika mita 15.82, la Yang mita 13.33, kisahani chake kilifika mita 48.49, cha Yang mita 39.83. Ziliposalia mbio za mita 1,500 peke yake, Johnson alikuwa mbele kwa pointi 67, na Yang alihitaji kumwacha kwa takriban sekunde kumi. Wote wawili walifundishwa na kocha mmoja, Ducky Drake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Drake alimwambia Yang amkimbie Johnson amwache mbali. Akamwambia Johnson amgande Yang popote aendapo. Yang alivuka mstari kwa dakika 4 na sekunde 48.5. Johnson alikuwa mgongoni pake, sekunde 1.2 tu nyuma. Jumla ikawa 8,392 kwa 8,334.

Aprili 1963, huko Walnut, California, Yang alipata pointi 9,121, akawa mtu wa kwanza kuvuka 9,000. Kilichombeba zaidi ni upondo mpya wa nyuzi za kioo, ambao, tofauti na ule wa chuma, ulipinda kama ufito mbichi kisha ukamrusha mrukaji juu unaponyooka. Aliruka mita 4.84. Jedwali la siku zile, lililotungwa kabla ya upondo wa aina hiyo kuenea, liliupa mruko huo mmoja zaidi ya pointi 1,500. Kwa jedwali la leo mruko uleule una pointi 862. Shirikisho la riadha la dunia lilipoanza kutumia jedwali jipya mwaka 1964, jumla ya Yang ilishuka kwa takriban pointi elfu moja. Hakuna msuli uliokuwa umelegea. Mchele ulikuwa uleule. Iliyobadilishwa ni pishi.

Mpinzani wa hoja hii atasema kwamba pishi mpya iliwapimia wote, tena Yang hakufika Tokyo akiwa mzima kabisa. Ni kweli, na si haki kulitwika jedwali lawama yote ya yeye kumaliza wa tano kwa pointi 7,650, huku Willi Holdorf wa Ujerumani akitwaa dhahabu kwa 7,887. Lakini kupimwa kwa kipimo kimoja si kuguswa sawasawa. Thamani ya mchezo mmoja ikipunguzwa, anayeumia zaidi ni yule aliyeweka akiba yake humo. Wala haifuati kwamba jedwali ni hila ya mezani. Ukiyahesabu upya matokeo ya Roma kwa jedwali la sasa, Johnson bado yuko mbele, kwa sababu mwanya wa tufe na kisahani ulikuwa mkubwa mno kuzibwa na kanuni yoyote ya busara. Jedwali halimgeuzi goigoi kuwa bingwa. Uzito wake huonekana pale wawili wanapokaribiana, au wanapotenganishwa na miaka.

Daley Thompson wa Uingereza aliuonja upande wa pili wa jambo hili. Alitwaa dhahabu ya Los Angeles mwaka 1984 kwa pointi 8,797, moja tu pungufu ya rekodi ya dunia ya Jürgen Hingsen wa Ujerumani Magharibi. Baadaye picha ya mwisho wa mbio za viunzi ilikaguliwa upya, akaongezewa pointi iliyokosekana, wakawa sawa. Kisha likaja jedwali la 1985: matokeo ya Thompson yakahesabiwa 8,847, ya Hingsen 8,832. Thompson akawa mwenye rekodi peke yake bila kuinua mguu, na rekodi hiyo ikadumu hadi 1992, Dan O'Brien wa Marekani alipofikisha 8,891.

Basi anayelinganisha mabingwa wa vizazi mbalimbali kwa pointi zilizoandikwa vitabuni hana budi kuuliza kwanza ni za jedwali lipi. Jim Thorpe aliandikiwa 8,412 mjini Stockholm mwaka 1912, na asiyeuliza ataapa kwamba alimzidi Johnson wa Roma. Kwa jedwali la sasa, zile 8,412 ni 6,564. Rekodi hufuatwa na jedwali hadi kaburini. Medali haifuatwi: ile fedha ya Yang, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Taiwan, haijapunguzwa hata pointi moja.