Mdogo wa Umri, Mdogo wa Mtaji

Ukanda wa dhahabu, kutoka Buzwagi hadi Geita, una neno linalowapoteza wageni: mchimbaji mdogo. Mgeni hudhani anatajiwa kijana, kumbe huyo aweza kuwa babu mwenye wajukuu kumi. Udogo wake ni wa mtaji na wa leseni. Wadogo hasa walikuwemo pia. Mwaka 2013 Human Rights Watch iliripoti watoto wakifanya kazi kwenye machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu, ilhali Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18 na kumkataza kazi ya hatari. Pale duarani, kwenye shimo la kuchimbia, hakuna aliyeuliza umri, waliangalia mabega.

Kisa hicho hunirudia kila nisomapo istilahi mpya: uthibitishaji wa umri. Tangu Julai 2025 Uingereza inazitaka tovuti za ngono zihakikishe mtazamaji si mtoto. Desemba mwaka huohuo Australia ikawazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Kwetu Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliagiza hatua zichukuliwe ili watoto wasiyafikie maudhui yaliyokatazwa. Shabaha ni moja. Vitenzi je?

Kubofya "nina miaka 18" ni kujitajia umri tu. Kamera inayousoma uso hukadiria, kama afanyavyo mwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, pale Kahama: anamtazama mteja ndevu, anasikiliza sauti, kisha anapokea kiingilio au anamfukuza. Anayeonyesha hati ndiye anayethibitisha, na neno hili lina mzizi mmoja na thabiti, kisichoyumba. Tukiviita vyote vitatu uthibitishaji, dai tupu linavikwa joho la ushahidi.

Hata hicho cha tatu kina mtego. Kadi ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, tumeizoea kuwa ya waliotimiza miaka 18. Cheti cha kuzaliwa hakina picha, hakiwezi kusema nani kashika simu. Kwa hiyo mtoto hana cha kuonyesha, na mashine haiujui umri wake. Inachojua ni kwamba mtu fulani ni mtu mzima. Nayo yaweza kudanganyika. Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa Januari 2020, hivyo laini ya nyumbani ina kidole cha mama. Jioni mama yuko jikoni, simu iko mkononi mwa mwanafunzi wa darasa la tano. Huko mtandaoni, mtoto huyo ana miaka arobaini ya kuazima.

Basi napendekeza tuvitenge: kujitajia umri, kukadiria umri, kuthibitisha utu uzima. Hili la tatu ni refu, lakini halimfichi anayedaiwa ushahidi. Mzima, kwa Kiswahili, ni asiyepungua kitu. Ndiyo maana mtu hazeeki tu akaitwa mtu mzima, hutarajiwa pia kuwaangalia wadogo. Sheria ikilitumia jina hilo, swali litamfikia mwenye kidole kabla ya kumfikia mwenye kushika simu.